Mgonjwa Mzoefu

Hakuna aliyemuuliza kama anautaka ushujaa. Alipewa tu, kama mtu anavyopewa zamu ya kufagia uani, na tangu siku hiyo hakupata pumziko.

Kabla hajaolewa, mshona mapazia huyu aliwahi kuugua homa ya dengue. Aliugua vilivyo. Macho yalimuuma kwa nyuma, mifupa ilimuuma hadi ile ya vidole vya miguu, na vipele vilimtapakaa mwili mzima. Akalala, akanywa maji mengi, akapona, akarudi kwenye cherehani yake na kusahau. Aliyesahau ni yeye peke yake. Alipoolewa na kuhamia katika ile nyumba ya wapangaji, vyumba vinavyotazamana, bomba moja la maji na kamba za nguo zinazopishana juu ya uani, mama mkwe wake alikuwa ameshausimulia ugonjwa ule chumba kwa chumba, kwa fahari ya mtu anayesimulia cheti cha chuo cha mkwe wake. Kwa hiyo dengue iliporudi mtaani na mpangaji wa kwanza akaanguka kitandani, vidole vyote vilimwelekea yeye.

"Muiteni mkwe wangu," mama mkwe alisema. "Yule ni mgonjwa mzoefu. Huu ugonjwa umeshaonana naye, haumgusi tena."

Jina likamganda. Watoto wakamwita Mzoefu, wakubwa wakamwita Mzoefu, hata fundi wa bomba aliyekuja mara moja tu aliondoka akimwita Mzoefu.

Mgonjwa huyo wa kwanza alikuwa mwalimu wa hesabu, mama wa chumba cha kona. Alikuwa amelala na kitambaa chenye maji kwenye paji la uso, sauti imekauka, lakini somo hakuliacha. "Kisayansi ni kweli kabisa," alisema. "Mwili ukishapigana na ugonjwa unabaki na askari. Wewe unao, dada yangu. Sisi hatuna." Mwalimu akishasema "kisayansi" pale uani, hoja imepita. Kwamba Mzoefu alikuwa na mimba iliyoingia mwezi wa sita halikuonekana kuwa tatizo. Mama mkwe alisema askari wakimlinda mama, mtoto analindwa hapohapo bila gharama ya ziada.

Basi akawa mali ya umma. Alikuwa na kazi kubwa mezani, mapazia ya ukumbi mpya wa mikutano, kitambaa kizito cha rangi ya divai chenye bitana, na kila alipokuwa katikati ya kupima marinda sauti ilitoka uani: "Mzoefuuu!" Anaacha mkasi. Anakwenda. Anakamua vitaulo, anabadilisha mashuka, anashika ndoo mtu atapike, anakoroga maji yenye chumvi na sukari na kumbembeleza mzee wa watu anywe kama anambembeleza mtoto. Vyumba vyenyewe vilifungwa madirisha kwa sababu mwanga uliwaumiza wagonjwa macho. Ndani joto, giza, na mbu wakipiga misele chini ya vitanda mchana kweupe. Usiku kila mtu alishusha chandarua chake kwa uangalifu, na asubuhi kila mtu alikikunja, roho safi.

Mtu atauliza kwa nini hakukataa. Si kwamba alikuwa mpole. Ulimi alikuwa nao, na mteja aliyemkatisha akiwa anahesabu vipimo aliondoka na maneno ya kumtosha wiki. Ila kwa mama mkwe alikuwa hana ujanja. Alipoingia katika familia ile akiwa na cherehani na masanduku mawili, yule mama alihama mwenyewe kutoka chumba cha mbele chenye mlango wa barabarani, chumba alicholala tangu ujana wake, akaenda kujibana kwenye kijichumba kando ya jiko. "Biashara inataka mlango," alisema, na hakulitaja tena. Hapo ndipo mkwe wake aliposhonea. Kila alipotaka kusema hapana aliiona alama ya kitanda kwenye ukuta, pale rangi ilipochubuka kwa miaka na miaka, na lile neno likamkwama kooni.

Kwa mume hakukwama hata kidogo. Mume wake alikuwa fundi rangi, mtu mwema, asiye na neno na mtu, na mwenye neno moja tu la kujibia kila kitu. Paa likivuja: itakuwa sawa. Mteja akikimbia: itakuwa sawa. Mtaa mzima ulimwita hivyo, Itakuwa Sawa. Nyuma ya choo alikuwa amerundika ndoo tupu za rangi, nyingine zimesimama wima, na kila mvua iliponyesha zilijaa.

"Zile ndoo zina viluwiluwi vya mbu," mkewe alimwambia. "Nimeviona vikicheza."

"Nitazitoa, mke wangu."

"Ulisema hivyohivyo kabla sijapata mimba."

"Si nitazitoa? Itakuwa sawa."

Asubuhi moja uzi ulikataa kuingia kwenye tundu la sindano. Alilamba ncha, akajaribu tena, kisha akagundua si uzi, ni mkono unaotetemeka. Kabla ya mchana macho yalikuwa yanamuuma kwa nyuma. Maumivu yale aliyatambua mara moja, kama unavyotambua hatua za mdai mlangoni.

"Mama, nina homa," alisema.

"Homa ya mimba hiyo," mama mkwe akajibu, akiendelea kuchambua mboga.

"Macho yananiuma kwa nyuma."

"Si unashona mchana kutwa? Lazima yaume."

"Mama, hii ni dengue. Naijua."

Mama mkwe aliacha kisu, akacheka mpaka akashika kiuno. "Jamani, njooni msikie! Mzoefu anasema ana dengue!" Uani kukawa na kicheko. Mwalimu, aliyekuwa ameshapona na kurudi kufundisha, alipita na madaftari kwapani akatikisa kichwa kwa huruma. "Haiwezekani kisayansi," alisema. Itakuwa Sawa alirudi na vidonge vikali vya maumivu alivyonunua dukani, vile ambavyo yeye humeza akianguka ngazini, akasema meza viwili ulale, na akaongeza neno lake.

Mzoefu hakumeza. Si kwa akili nyingi. Alikuwa na hasira mno ya kupokea chochote kutoka kwa yeyote. Alivitia vidonge mfukoni, akafunga mlango wa barabarani, akajikokota peke yake hadi zahanati ya wajawazito, akiongea mwenyewe njia nzima.

Mkunga aliyempokea alikuwa mwanamke mpana, mkavu wa maneno, aliyempima tangu mimba ilipoanza. Alivitazama vile vidonge akavitupa kwenye pipa la taka. "Hivi mgonjwa wa dengue hapewi," alisema. "Vinafungulia damu." Akamtoa damu, akampeleka hospitali iliyo mtaa wa pili kwa gari lao wenyewe, na majibu yaliporudi alikuwepo pembeni ya kitanda, mikono kifuani. Ilikuwa dengue. Daktari alivuta kiti akakaa.

"Nani alikwambia huwezi kuugua tena?"

"Watu wote wa uani," alisema Mzoefu. "Wanasema mwili wangu una askari."

"Hawakukosa kila kitu. Tatizo ni kwamba virusi vya dengue ni vya aina nne. Wachukulie kama ndugu wanne wanaofanana. Ulipougua mara ya kwanza mwili wako ulitengeneza kingamwili, hao askari mnaowasema, wa kumshika ndugu mmoja. Huyo akirudi hapiti. Safari hii amekuja ndugu mwingine. Askari wako anaiona sura anayoifahamu, anamshika, lakini hana nguvu za kumuua. Na virusi akishikwa hivyo nusunusu, anaingizwa kirahisi zaidi ndani ya seli zilezile anazotaka kuzalia."

"Yaani mlinzi wangu mwenyewe ndiye anayemfungulia geti?"

"Wakati mwingine, ndiyo. Si kila mtu, na wengi hupona vizuri hata mara ya pili. Lakini hatari yake ni kubwa kuliko ya kwanza. Na wewe una mimba. Mwili wa mjamzito hubadilisha namna yake ya kupigana ili usimdhuru mtoto, kwa hiyo siwezi kukuruhusu ukauguzwe nyumbani. Utakaa hapa."

Mzoefu aliyatazama mapazia ya wodi. Yalikuwa yameshonwa ovyo, pindo limekwenda upande. Aliwaza vyumba vyote alivyoingia na kitaulo mkononi kwa sababu ya hao askari. Hasira ilimpanda hadi masikio yakavuma, au pengine ilikuwa homa.

"Kwa hiyo waliniambukiza wao," alisema.

"Mgonjwa hakuambukizi kwa kumkamulia kitaulo," mkunga akasema. "Ni mbu. Anamuuma mgonjwa, anakaa humohumo chini ya kitanda, wewe ukija anakuuma. Na huyu anauma mchana. Ukiwa kwenye cherehani miguu yako iko wapi?"

"Chini ya meza."

"Gizani, tena mitupu."

Mzoefu akaitazama. Vifundo vyote viwili vilikuwa na alama za kuumwa, nyekundu na nyeusi, mpya juu ya kuukuu.

"Ukitoka hapa utavaa soksi," mkunga alisema. "Ndefu. Hata kama joto linayeyusha lami."

Walimlaza ndani ya chandarua mchana, na hilo peke yake lilitosha kumkosesha raha. Mama mkwe alipofika na kikapu alikizunguka chandarua mara mbili akitafuta pa kuingilia. Hakuamini majibu, akataka yapimwe tena. Alipoambiwa kwamba chandarua ni cha kuzuia mbu wasimuume mkwe wake na kupeleka ugonjwa kwa wengine, alisema basi na wafungwe hao mbu. Mwenye ukumbi naye alipiga simu. "Pole sana, mama, nimesikia, pole sana, Mungu akusaidie," alisema kwa mkupuo. "Sasa mapazia?" Na Itakuwa Sawa alikuja kila jioni na madoa ya rangi kwenye kope, akakaa ukingoni mwa kitanda akifungua mdomo.

"Ukilisema hilo neno," mkewe alimwambia, "nakurushia hii glasi."

Akaufunga. Maskini, hakuwa na lingine. Alikaa akimshika kidole gumba cha mguu juu ya chandarua mpaka muda wa kutazama wagonjwa ukaisha.

Kisha homa ikashuka. Aliamka asubuhi shuka likiwa limeloa jasho na kichwa kimekuwa chepesi. Mama mkwe alimwekea mkono kwenye paji la uso, akapiga kigelegele kifupi cha wodini, kile cha nusu sauti. "Imekwisha! Nilisema mimi! Funga vitu tuondoke." Akaanza kukunja kanga, kutia vikombe kikapuni, kuuliza nani ana funguo za kabati.

Daktari alikuwa amesema, na mkunga alikuwa amerudia, kwamba katika ugonjwa huu homa kushuka si mwisho. Wakati huo ndipo mishipa inaweza kuanza kuvujisha maji ya damu na chembe za kugandisha damu kupungua, kwa hiyo huo ndio wakati wa kumtazama mgonjwa kuliko wote. Walisema kwa Kiswahili chepesi, mara mbili, mbele ya mama mkwe. Lakini nani asikilize, paji la uso likiwa la baridi?

Na hapa lazima ukweli usemwe. Hata yeye mwenyewe hakutaka kusikiliza. Alikuwa amechoka na chandarua, amechoka na uji usio na sukari, amechoka na mwenye ukumbi. Aliposwaki kwenye sinki povu lilitoka jekundu. Akafungua bomba, likaenda, akajifuta mdomo kwa taulo. Chini ya mbavu kulikuwa na maumivu mapya, mazito, akajiambia ni mguu wa mtoto. Mtoto mwenyewe hakuwa amecheza tangu alfajiri, akajiambia amelala. Mwanamke aliyelalamika msimu mzima kwamba hakuna anayemsikiliza, sasa alikuwa hajisikilizi, na alianza kuvaa gauni lake la kutokea huku mikono ikishindwa kutulia kwenye vifungo.

Mama mkwe alikuwa anakunja taulo. Akalikunjua. Akalisogeza dirishani.

"Hii nini?"

"Fizi tu, mama. Mswaki mgumu."

Mama mkwe aliuchukua mswaki akaugusa kwa kidole. Ulikuwa laini. Akamtazama mkwe wake usoni, akaona jasho jembamba juu ya mdomo, midomo iliyopauka, macho yasiyotua mahali. Jinsi yule mama alivyokuwa mbishi, mtu angetegemea aseme fizi huwa zinafanya hivyo. Hakusema. Alitoka mbio wodini na ndala moja, nyingine kaiacha chini ya kitanda, akipiga kelele zilizosikika mpaka kwenye maegesho.

"Mkunga! Daktari! Njooni nyote! Mkwe wangu anatoka damu, na mimi nilikuwa namfungia vitu!"

Yaliyofuata Mzoefu aliyakumbuka vipandevipande. Shinikizo la damu lilikuwa limeshuka. Gauni la kutokea likakatwa kwa mkasi, akakumbuka kukasirika kwamba mkato umepinda. Wakamtundikia maji, na daktari akasimama palepale akiyapunguza na kuyaongeza, kwa sababu yakiwa machache moyo hauna cha kusukuma na yakiwa mengi yanakimbilia mapafuni. Halafu mkunga akaweka kifaa chake juu ya tumbo, akainamisha kichwa. Akakihamisha kushoto. Akakihamisha chini. Mama mkwe alisimama miguuni pa kitanda, ndala imebanwa kifuani kwa mikono miwili. Mzoefu aliogopa. Hakuwa ameogopa tangu mwanzo, alikuwa amekasirika tu, na sasa hasira yote ilimtoka akabaki na hofu tupu. Kama mtoto huyu yupo, aliwaza, wataniita wanavyotaka.

"Yupo," mkunga alisema. "Anakwenda mbio, lakini yupo."

Mama mkwe aliketi sakafuni.

Walimtazama usiku na mchana mpaka mishipa ikaacha kuvuja na damu ikaanza kujirudi. Mtoto alianza tena kurusha mateke, na mama yake, aliyekuwa akiyalalamikia, sasa aliyahesabu kwa sauti. Alirudi nyumbani amekonda, mimba ikaendelea hadi wakati wake, akajifungua binti mwenye sauti kubwa. Mkunga alisema sauti hiyo haikutoka mbali.

Mapazia ya ukumbi yalimaliziwa na fundi mwingine, na pindo lilikwenda upande. Itakuwa Sawa alizitoboa ndoo zote za nyuma ya choo kwa msumari wa moto, kwa bidii ya mtu aliyetubu, akatoboa na ile ya kuogea.

Ungesema mambo yameisha. Lakini lilibaki moja, nalo lilimtafuna Mzoefu kila siku. Alingoja mama mkwe aseme samahani. Hakutaka hotuba. Neno moja, hata likisemwa jikoni kwa kugeuza uso, lingemtosha. Mama mkwe hakulisema. Badala yake alipata simulizi jipya, akalizungusha chumba kwa chumba: "Mimi ndiye niliyeiona damu. Nisingekuwepo mimi!" Ilikuwa kweli tupu, na ndiyo maana haikujibika. Mzoefu alikaa kwenye cherehani yake amevaa soksi ndefu za mumewe za kuchezea mpira, kama alivyoagizwa, na mama mkwe akipita alicheka. "Soksi, na joto hili! Utafikiri refa." Mzoefu alikanyaga pedali mpaka mkanda ukalia.

Mtoto alipokuwa anaanza kukaa bila kushikiliwa walimpeleka chanjo wote watatu, na yule daktari akapita kuwasalimu. Mama mkwe alimdaka hapohapo.

"Huyu amezaliwa na kinga za mama yake, si ndiyo? Nimewaambia watu uani."

"Amezaliwa nazo, ni kweli. Zilipita kwenye kondo akiwa tumboni," daktari alisema. "Mwanzoni zinamlinda. Lakini hazikai. Zinapungua kidogokidogo, na zikishapungua zinaweza kumfanyia yale yaliyompata mama yake, kushika bila kuua. Kwa watoto wa akina mama waliowahi kuugua, umri huu anaouingia sasa ndio wa kuwa nao macho. Asiumwe na mbu."

Mama mkwe aliifunika miguu ya mtoto kwa kanga. "Na mtu ambaye hajawahi kuugua kabisa?"

"Mara ya kwanza kwa kawaida ina nafuu. Ila kwa watu wazima wenye umri wao, mama, nayo si ya kuchezea."

Njia nzima ya kurudi mama mkwe hakusema kitu, jambo ambalo halikuwahi kutokea, na Mzoefu akadhani amechukia.

Mvua zikaanza. Ndoo zilizotobolewa hazikushika maji, lakini mtaa una ndoo nyingi. Watu wakaanza tena kushika vichwa. Mchana mmoja Mzoefu alikuwa anashona, mtoto akiwa mikononi mwa bibi yake ndani ya chandarua kilichotundikwa dirishani, pale kwenye alama ya kitanda cha zamani. Sauti ikatoka uani, ile ile.

"Mzoefuuu! Binti yangu ana homa kali, na mimi nina kipindi!" Alikuwa mwalimu. "Njoo umkalie, ndugu yangu. Wewe sasa umeugua mara mbili, unao askari wa kutosha!"

Mguu wa Mzoefu uliondoka kwenye pedali wenyewe. Aliuona ukiondoka na akauchukia. Alitazama ukuta uliochubuka. Alijua atakwenda, alijua na mbu wa chumba kile atarudi nao begani, ndani ya chumba anamolala mwanawe, na bado alikuwa anainuka.

Mama mkwe alikuwa ameshatoka kwenye chandarua. Alifungua mlango wa uani kwa kiwiko.

"Hapa hakuna mtu wa jina hilo," alisema.

Aligeuka, akamtia mkwe wake mtoto mikononi, akachukua kitaulo na ndoo ndogo.

"Funga mlango. Usimtoe huyu nje."

"Mama, unakwenda wapi?"

"Kwani mimi sina mikono ya kukamulia kitaulo? Miaka yangu yote sijaugua dengue hata mara moja. Daktari amesema ya kwanza ina nafuu."

"Alisema kwa wazee si ya kuchezea!"

"Mzee nani?"

Akaondoka. Mzoefu alisimama mlangoni, mtoto amemshika sikio, na mambo yote yakamjaa kwa pamoja, hasira na machozi na hamu ya kumvuta yule mama arudi ndani kwa nguvu. Karibu mwaka mzima alikuwa amengoja neno moja, na sasa mtu mwenyewe alikuwa anakatiza uani na ndoo, anakwenda kuumwa na mbu kwa niaba yake, tena bila kuaga vizuri.

"Mama!" alipiga kelele, sauti imemkatika. "Basi angalau vaa soksi!"

Mama mkwe hakugeuka. Alishika upindo wa gauni lake kwa mkono mmoja akaunyanyua hadi magotini, huku akiendelea kutembea. Alikuwa amevaa za mwanawe za mpira, moja nyekundu, moja ya bluu, amezivuta mpaka juu na kuzifunga kwa utepe wa pazia zisishuke.